Maneno Manane ya Bi Ndimu

Jumatatu, 2 Juni

Sokoni Rumonge na Mama tangu asubuhi. Mawese yameganda kwa baridi ya kiangazi, tumetoa madumu juani. Wateja wachache, maneno mengi.

Mchana nimefungua laptop nyuma ya madumu. Yule mchawi wa darajani katika mchezo wetu alikuwa hafi hata apigwe vipi. Sasa anakufa. Nimecheka peke yangu mpaka Mama akauliza kama nimepandwa na mashetani.

Shangazi amepita, akataka kujua huo mchezo ni kitu gani hasa, maana mtaani wanasema mimi na Fidèle, mwenzangu wa programu, tunafuga mizimu kwenye kompyuta. Nimemweleza. Unaitwa Msafara wa Chumvi. Kila mchezaji anajitungia mtu wake: mpagazi, mpiga makasia, mganga, mfua chuma. Mnabeba chumvi ya Uvinza, mnavuka ziwa, mnapambana na yanayokuja. Unasema mtu wako anafanya nini, mchezo unakujibu kimetokea nini. Hakuna anayefika peke yake. Shangazi akauliza, sasa mume utapatia wapi humo? Nikampimia mawese yake.

Toleo la simu janja linakwenda vizuri, hiyo ni kazi ya Fidèle. La simu za batani ni langu, linachezwa kwa meseji, na linakata. Mama mmoja wa Kabonga ameandikiwa "chui anaruka", halafu kimya. Chui huyo yuko hewani tangu Ijumaa. Lazima nimshushe.

Jumanne, 10 Juni

Mwezi umekuwa mkubwa. Ndagala, dagaa wetu, hawafuati taa, mitumbwi imepumzika mchangani. Ndiyo sikukuu yetu, maana wavuvi wote wana nafasi ya kucheza. Uwani kwetu tangu saa nane mchana hakuna pa kuweka mguu.

Kapita amekuja kutoka Kabonga. Mwanamume mzima, kifua kama pipa. Mtu wake katika mchezo ni kikongwe mganga anayeitwa Bi Ndimu, mfupi, mchoyo, anaponya wagonjwa huku akiwatukana. Kapita akianza kusema kwa sauti ya Bi Ndimu, hata Mama anaacha kupima mafuta.

Leo alikuja amenuna. Kuna Bi Ndimu mwingine Nyanza-Lac. Na mwingine hapa hapa Rumonge. Sababu tunaijua wote. Mchezo wetu hauna akaunti wala neno la siri. Ukitaka kuhama na mtu wako kutoka simu moja kwenda nyingine, mchezo unakupa maneno manane ya kawaida, na maneno hayo yamebeba kila kitu. Unayaandika kwenye simu yoyote, iwe janja, iwe ya batani, mtu wako anasimama pale pale na nguvu zake, majeraha yake, mizigo yake. Sasa simu za Kapita zinaangukia majini kila mara. Akatafuta fundi rangi, akaandikiwa maneno yake ubavuni mwa mtumbwi, mahali ambapo wenzake wanaandika jina la mtoto au sifa za Mungu. Herufi nyekundu, kubwa. JIKO KOBE ASUBUHI TATU MWIKO CHIKICHI SHEMEJI MVUA. Yebabawe! Pwani nzima inasoma, na kila anayesoma anaondoka na Bi Ndimu wake.

Fidèle amesema huo ni udhaifu mkubwa na lazima tuuzibe. Alizaliwa kambini Tanzania, Kiswahili chake kila neno limepigwa pasi, hata akikugombeza unajiona umeheshimiwa. Kapita hataki tuzibe. Anataka wezi wakamatwe.

Tumecheza mpaka magharibi. Siku nzuri sana.

Alhamisi, 12 Juni

Imeili ya Kifaransa kutoka kwa avoka, wakili wa Bujumbura. Nimeisoma, nikaisoma tena. Anatetea kampuni moja ya michezo ya simu. Kampuni hiyo imeomba breve, yaani karatasi ya serikali inayosema jambo hili limevumbuliwa na fulani, mwingine asiguse. Jambo lenyewe: kumhamisha mtu wa mchezo kati ya simu za aina tofauti kwa mfuatano wa maneno ya kawaida.

Hiyo ni yetu!

Tuliieleza sisi wenyewe kwenye konkuru, yale mashindano ya programu ya Buja, mwaka jana. Fidèle alichora ubaoni hatua kwa hatua, na mabwana wa mashati meupe wakaandika. Hatukupata hata nafasi ya tatu. Sasa wanatuambia tuyaondoe maneno manane kabla ya mwisho wa Julai, la sivyo mahakama.

Hasira imenijaa, chai imenishinda.

Bila maneno manane, wenye simu za batani wametoka mchezoni. Simu janja zitafungua akaunti, zitahifadhi mambo yao mtandaoni, zitaishi. Simu ya Kapita haiwezi. Na nusu ya msafara wana simu kama ya Kapita. Sifungi. Naandika hapa ili kesho nikiamka na woga nijisomee: sifungi.

Ijumaa, 13 Juni

Grupu letu limewaka moto kutwa.

Mwalimu wa Bugarama, yule anayecheza mfua chuma, amesema wazo halina mwenyewe. Fidèle akamjibu kwamba wazo tupu kweli halina, ila njia ya kulifanya wazo lifanye kazi inaweza kupewa mwenyewe. Mwingine akashauri tuandike programu upya kwa lugha nyingine. Fidèle tena: yeye anasema hataza, sisi tunasema breve, lakini vyovyote utakavyoiita haishiki maandishi ya programu, inashika njia. Ukibadilisha lugha na njia ikabaki ile ile, hujabadilisha kitu. Mwingine akakumbusha ile michezo ya zamani ya televisheni, iliyokupa herufi za kunakili ili kesho uendelee ulipoishia. Hapo nikapata moyo. Fidèle akanikata: herufi zile zilirudi kwenye mashine ile ile. Kampuni inadai safari ya kutoka mashine ya aina moja kwenda ya aina nyingine.

Anajua mno huyu. Wakati mwingine natamani ajue kidogo.

Halafu Mwalimu akauliza swali la maana. Je, kama watu walikuwa wanafanya hivyo hadharani kabla kampuni haijaomba? Fidèle akajibu kwamba hapo si jipya tena, na kisicho kipya hakipewi hataza. Ila uthibitishe, na uthibitishe kwa tarehe. Konkuru haisaidii, ilifanyika mlango umefungwa na karatasi zote wanazo wao.

Kapita hana intaneti, namsomea kwa simu. Ametuma meseji moja tu: Bi Ndimu anauliza nani wa kulogwa.

Jumatano, 18 Juni

Siku mbaya.

Kapita amepiga simu asubuhi, amahoro, amahoro, mumeamkaje, mawese je. Halafu kwa furaha kabisa: "Dada Zuhura, mutumbwi wangu sasa iko bleu, inang'aa, ungeiona!" Nikauliza maneno je? Maneno iko chini ya rangi. Fidèle alimpigia Jumamosi akamwambia ayafute haraka.

Nilikaribia kuitupa simu kwenye pipa la mawese.

Mtumbwi ule ndio ulikuwa ushahidi. Maneno yaliandikwa muda mrefu kabla ya konkuru. Ulikuwa unapita mbele ya watu wote, Kabonga mpaka hapa, ukitangaza kila kitu bila kuona haya. Na Fidèle, mwenye kujua hataza yote kwa kichwa, ameufuta!

Nimemkuta kwake. Alidhani kampuni itatuma mtu apige picha, ipate kutushika kwamba bado tunatumia maneno. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika barabarani: tunataka tuonekane, wewe! Tuonekane! Akaingiza mikono kati ya magoti. Akasema kambini walijifunza hivyo, ulicho nacho unakificha kabla mkubwa hajapita. Nimemwelewa. Hasira haikupungua.

Ijumaa, 20 Juni

Nimejaribu kukumbuka nani alipiga picha mtumbwi. Hakuna. Nani anapiga picha mtumbwi anaouona kila siku?

Jioni Mama ameniuliza kwa nini sili. Nimemweleza, kwa mara ya kwanza nimemweleza yote. Akasema, mtumbwi wa Kapita? Si ndio uliomleta bibi harusi, ile harusi ya mpwa wake? Nikasema ndio. Akasema basi filamu iko, na yeye anaitafuta filamu hiyo ichomwe moto, maana mpiga kamera alimkamata na pande la nyama mdomoni na hakuondoka.

Harusi ile ilikuwa kiangazi cha mwaka jana. Konkuru ilikuja baadaye. Ombi la kampuni limekuja baada ya konkuru.

Nimekula sahani mbili.

Jumapili, 22 Juni

Nyanza-Lac kwa mpiga kamera. Mwanzoni alikataa, eti filamu ni mali ya familia. Nikampigia Kapita. Kapita akaongea naye kwa sauti ya Bi Ndimu. Filamu ikapatikana.

Tumeitazama yote, hotuba za wajomba na kila kitu. Wapiga kamera wa huku wanapenda kuweka tarehe pembeni, ya njano, na leo nimewabariki wote. Mtumbwi unaingia, bibi harusi amekaa chini ya mwavuli, na ubavuni maneno yote manane, wazi kama jua.

Lakini kilichofuata sikukitegemea. Binamu mmoja wa Buja, mwenye simu ya bei kali, anayasoma maneno kwa sauti, anayaandika, Bi Ndimu anasimama kwenye kioo. Anapiga kelele. Watu wanajaa. Ndipo Kapita anamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti na kuwaeleza wageni wote, familia mbili nzima, jinsi mganga wake anavyohama kutoka simu ya batani kwenda simu ya tajiri kwa maneno manane tu. Anaeleza kila hatua. Kwa sauti ya kikongwe! Bwana harusi amejishika kichwa.

Nimecheka mpaka machozi. Halafu nikalia kidogo, kweli.

Mama yumo pia. Nyama ni kubwa kuliko alivyosema.

Alhamisi, 26 Juni

Buja, ofisini kwa avoka, mimi na Fidèle. Mtu mpole, viatu vya kung'aa. Tulimwonyesha kipande cha filamu. Alikitazama bila kupepesa, akaomba kukiona tena, akatoka kupiga simu. Alikaa huko muda.

Aliporudi alikuja na mengine. Kampuni haitaki vita. Itaturuhusu maneno manane bure, maisha yote, kwenye simu janja. Fidèle atapewa kazi, kazi ya kweli, mkataba. Sisi tutie sahihi kwamba njia ni uvumbuzi wao, na filamu ibaki ya familia. Toleo la simu za batani lifungwe, maana huko kampuni ina mipango yake na mtandao wa simu.

Nikauliza, na wengine? Kuna vijana wa Uvira wametengeneza mchezo wao, wanatumia njia hiyo hiyo, walijifunza kwetu. Avoka akasema hao si sehemu ya mazungumzo ya leo.

Nilimgeukia Fidèle. Macho yake yalikuwa kwa avoka, moyo wake umeshakwenda.

Ijumaa, 27 Juni

Tumegombana. Si kidogo.

Anataka tutie sahihi. Ana miaka thelathini na kazi hana. Shamba la baba yake waliporudi walilikuta lina watu, wakagawana, na kipande kilichobaki hakilishi ndugu wote wale. Aliniambia: "Wewe una madumu ya mama yako. Mimi nina nini?"

Ni kweli. Iliniuma kwa sababu ni kweli.

Lakini nikamwuliza, Kapita nimwambie nini? Na yule mama wa Kabonga, yule wa chui, na wale wote wenye simu za batani? Kwamba msafara umewaacha ufukweni ili sisi wawili tuvuke? Mchezo wenyewe tuliuandika hivyo, mkimwacha mmoja, mzigo wake unabaki na ninyi mnakufa njiani. Sheria hiyo aliitunga yeye.

Akasema ule ni mchezo tu.

Nimeondoka. Kama ningebaki ningesema maneno yasiyofutika.

Jumatatu, 30 Juni

Nimeamua. Mwalimu wa Bugarama amenisaidia Kifaransa. Tumeandika pingamizi, tumeweka filamu, tumeweka majina ya wageni wa harusi walio tayari kuulizwa. Wamejitokeza wengi. Bibi harusi mwenyewe amejiandikisha, na mtoto mgongoni.

Nimelipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya serikali inayotoa breve, wakagonga muhuri. Jina la Fidèle halimo. Nilimwachia nafasi mpaka asubuhi ya leo, simu yake ikawa inaita tu.

Nikishindwa, nimepoteza mchezo na rafiki kwa siku moja. Najua. Nimefanya hivyo hivyo.

Alhamisi, 10 Julai

Mwezi mkubwa tena. Uwani kumejaa. Fidèle hakuja.

Yuko Buja. Kampuni imempa kazi hata bila sahihi yangu. Mpiga makasia wake, Sindano, nimemtoa kwenye msafara kwa maana hakuna aliyetaka kumshika. Tulikuwa katikati ya ziwa. Tumezunguka zunguka kama jani.

Mtu mmoja akasema msaliti. Nimemwambia neno hilo lisisemwe uwani kwa mama yangu. Akaniuliza, kwani si kweli? Nikamwambia acheze zamu yake.

Meseji za batani hazikati tena. Nimezirekebisha zote, wiki nzima nimekaa nazo. Kama wanataka kulifunga toleo hili, wafunge linalofanya kazi.

Jumanne, 5 Agosti

Wameondoa ombi!

Imeili ya mistari miwili. Mteja wangu ameondoa ombi lake la breve, pokea heshima zangu. Basi. Hakuna pole, hakuna samahani. Mama amepiga vigelegele sokoni mpaka wauza samaki wakaja kuuliza nani ameolewa. Kapita nilipomwambia akasema murakoze cane, asante sana, kwa sauti yake mwenyewe, ya chini. Sijawahi kumsikia hivyo.

Mwalimu ndiye aliyenishusha. Amesema, unajua maana yake lakini? Njia ilikuwa hadharani, kwa hiyo si ya kampuni, na wewe pia huwezi kuidai. Keshokutwa mtu yeyote ataichukua na hutamzuia. Nikasema najua. Nilikuwa nimeshajua tangu siku ya filamu.

Nilidhani nitafurahi zaidi. Nimefurahi, ila kuna mahali pamebaki patupu, na mahali penyewe napajua jina.

Jioni nimeandika njia nzima, orodha ya maneno na yote, nikaiweka wazi ili kila anayetaka aichukue. Vijana wa Uvira wamejibu kwanza. Kama ni ya watu, basi iwe ya watu kweli.

Jumatatu, 8 Septemba

Mvua ya kwanza imenyesha jana, vumbi limelala. Mwezi bado mkubwa, wavuvi wako nyumbani. Tumecheza barazani kwa sababu uwani kuna matope.

Kampuni ile imetoa mchezo wake juma lililopita. Kila mtu kwenye grupu anauzungumzia. Mimi sikuufungua.

Saa kumi hivi imeingia meseji kutoka namba ya Fidèle. Hakuna salamu. Maneno manane tu.

Nimeyatazama. Halafu nimeyaandika kwenye simu ya batani ya Kapita, kwa makusudi. Sindano amesimama. Ni yeye, lakini si kama nilivyomtoa. Mikono imepata nguvu, ana kovu begani ambalo sisi hatukumpa, na mgongoni amebeba chumvi ya msafara mzima. Alikuwa anapiga makasia miezi yote hii, mahali pengine.

Kwa hiyo mchezo wao unatoa maneno yetu, na simu ya batani inayapokea. Mtu yeyote anaweza kwenda na kurudi. Kuna aliyekaa humo ofisini akaiandika hivyo, na sihitaji kuuliza ni nani.

Mama akauliza kuna nini. Nikasema Fidèle amefika. Kapita akakohoa, akatoa sauti ya Bi Ndimu, akamtukana Sindano kwa kuchelewa, tusi refu, la kumponya mtu. Sikumwandikia Fidèle kitu kingine. Nimemtumia matusi yale yote neno kwa neno, na swali la mchezo: mganga anakukagua bega, msafara uko katikati ya ziwa, unafanya nini?

Ilikuwa zamu yake. Tukasogeza mikeka, tukangoja.